Upanga haupotei wenyewe

Wanaocheza michezo ya kuigiza mezani wana ugomvi mmoja wa miaka mingi: je, mwendeshaji wa mchezo ana ruhusa ya kuwanyang'anya wahusika vifaa vyao? Kundi la kwanza linasema ndiyo, kwa sababu shujaa asiyeweza kupoteza kitu si shujaa. Kundi la pili linasema hapana, kwa sababu mchezaji amevitolea jasho vifaa hivyo kwa miezi, na kumpokonya ni kumdhulumu. Nimecheza, nimeendesha, nimesikiliza pande zote mbili, na maoni yangu ni kwamba wanagombania nomino wakati jambo lenyewe limo katika kitenzi. Kwamba upanga unaweza kumtoka mhusika mkononi, hilo halina shaka. La kuuliza ni hili: ni sentensi gani inayoutoa?

Najua wengi katika kitivo chetu hawajawahi kuketi kwenye meza ya mchezo huu, kwa hiyo nieleze kwa ufupi. Wachezaji watatu, wanne au watano huketi pamoja. Kila mmoja ana mhusika wake: mpiganaji, mchawi, mwizi, kasisi. Mmoja wao hana mhusika. Yeye ndiye mwendeshaji. Anaueleza ulimwengu, na anasema kwa niaba ya wengine wote waliomo: wafalme, wachuuzi, majambazi, majoka. Kila mchezaji anasema mhusika wake anafanya nini, na pale ambapo matokeo yana mashaka, dadu zinaamua. Mbele ya kila mchezaji kuna karatasi ya mhusika, yenye nguvu zake, ujuzi wake na orodha ya vitu alivyobeba.

Wanaisimu tuangalie jambo moja hapo. Katika mchezo huu hakuna kinachotokea mpaka kisemwe. Mwendeshaji akisema mlango umefunguka, mlango umefunguka. Tulipomsoma J. L. Austin, ambaye mihadhara yake juu ya kutenda kwa maneno ilichapishwa mwaka 1962, tulipewa mifano ya hakimu, ya ndoa na ya kubatiza meli. Mimi ningeongeza meza hii, ambapo watu huketi saa nne wakitenda kwa maneno matupu. Ndiyo maana uchaguzi wa kitenzi hapa si pambo, ni tendo lenyewe.

Sasa historia kidogo. Mchezo wa kwanza wa aina hii kuuzwa madukani, Dungeons & Dragons, ulitoka mwaka 1974 huko Lake Geneva, mji mdogo wa jimbo la Wisconsin, Marekani. Watungaji wake walikuwa Gary Gygax na Dave Arneson, wote wawili wakitokea katika michezo ya vita inayochezwa kwa visanamu. Katika kanuni zile za mwanzo, hazina uliyoitoa pangoni ndiyo iliyokupandisha ngazi kwa sehemu kubwa. Mali haikuwa zawadi iliyoambatana na maendeleo. Mali ilikuwa maendeleo. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza, kumwondolea mhusika vitu vyake kulikuwa ni kugusa moyo wa mchezo.

Na watungaji waliugusa bila huruma. Mwaka 1975, katika kitabu cha nyongeza kilichoitwa Greyhawk, alitokea mnyama wa kutu. Gygax alieleza baadaye kwamba umbo lake alilitoa kwenye kidude cha plastiki, mojawapo ya vile vinavyouzwa kwa bei ya chini katika mifuko ya wanyama wa watoto. Mnyama huyu hamdhuru mtu. Anakula chuma. Akikugusa kwa pembe zake laini, vazi lako la vita linageuka kutu. Ukimpiga kwa upanga, upanga unageuka kutu. Mpiganaji hodari, ambaye haogopi jitu wala joka, humkimbia mnyama huyu kama mtoto anavyokimbia nyuki.

Mwaka 1978 kikachapishwa Tomb of Horrors, kisa cha Gygax ambacho kilikuwa kimechezwa katika mashindano miaka mitatu kabla. Ndani yake kuna tao ambalo ukipita chini yake unatupwa nyuma hadi mlangoni mwa pango, uchi kama ulivyozaliwa, na kila kitu chako kisicho na uhai kinapelekwa kwenye chumba cha adui wa mwisho. Mwaka 1981 kikaja kisa cha nne katika mfululizo wa mabwana wa watumwa. Wahusika wanazinduka ndani ya mapango, bila silaha, bila vazi la vita, bila chochote, na wanatakiwa watoke kwa akili zao tu.

Baadaye upepo uligeuka. Toleo la tatu la mchezo, mwaka 2000, lilikuja na jedwali la mali ambayo kila mhusika anatarajiwa kuwa nayo: wa ngazi ya 10, sarafu za dhahabu 49,000, wa ngazi ya 20, sarafu 760,000. Nguvu za maadui zilipimwa kwa kudhani kwamba mali hiyo ipo. Ukimwondolea mpiganaji upanga wake wa uchawi, hujamtia katika majaribu tu. Umeharibu hesabu nzima. Ndipo mnyama wa kutu akaanza kufugwa. Katika toleo la nne, mwaka 2009, mchezaji aliyepoteza silaha ya uchawi aliweza kumpasua mnyama huyo tumbo akapata unga wenye thamani kamili ya kile kilicholiwa. Katika toleo la tano, mwaka 2014, mnyama hawezi tena kuharibu silaha za uchawi. Anakula chuma cha kawaida tu, na hata hicho kwa pole pole.

Kundi la kwanza linaiona historia hii kama hadithi ya watu kulegea. Kundi la pili linaiona kama hadithi ya watu kustaarabika. Mimi naona kwamba kwa miaka hiyo yote waliendelea kuuliza ni kiasi gani kiondolewe na ni kiasi gani kirudishwe, kama watu wa forodha. Meza ninayoketi mimi, hapa Lubumbashi, husoma kanuni kwa Kifaransa lakini hucheza kwa Kiswahili, na Kiswahili kinalazimisha swali jingine.

Tuchukue sentensi tatu ambazo mwendeshaji anaweza kumwambia mchezaji.

Ya kwanza: Upanga wako umepotea.
Ya pili: Umenyang'anywa upanga na walinzi wa daraja.
Ya tatu: Wamekunyang'anya upanga.

Katika sentensi ya kwanza hakuna mtenda. Kupotea, kama kuvunjika, kumwagika na kukatika, ni kitenzi kinachoeleza hali iliyokifika kitu. Hakimtaji aliyeileta, na hakina hata nafasi ya kumtaja. Kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua kwamba "kikombe kimevunjwa na mtoto" ni sentensi sahihi, na kwamba "kikombe kimevunjika na mtoto" inakwaruza masikio. Najua mwalimu mmoja atanikumbusha "amepotewa na upanga", ambayo ina "na" yake. Naam, lakini aliyetajwa baada ya "na" pale ni upanga wenyewe, si aliyeuchukua. Ni muundo ule ule wa "amefiwa na baba". Aliyeachwa ametajwa, kilichomwacha kimetajwa, na mkosaji hayupo. Kwa msiba, sarufi hiyo inafaa. Kwa mchezo ambao wachezaji wameketi ili watende, sentensi hiyo imefunga mlango. Mchezaji hana wa kumfuata, wa kumbembeleza wala wa kumpiga. Amebakiza kumtazama mwendeshaji usoni.

Sentensi ya pili ina mtenda, na ametajwa. Tena tuangalie kitenzi chenyewe. Kuiba kunatazama kitu: aliiba upanga. Ukitaka kumwingiza aliyeibiwa, lazima ukinyambue kitenzi: alimwibia. Lakini kunyang'anya kunamtazama mtu tangu mwanzo: alimnyang'anya upanga. Aliyedhulumiwa yumo ndani ya kitenzi bila kuombewa nafasi, na ukiigeuza sentensi, yeye ndiye anayekuwa kiima: umenyang'anywa. Ni neno linalotaka watu wawili, mmoja akimwona mwenzake. Mchezaji aliyeambiwa sentensi hii anajua la kufanya kesho asubuhi: atarudi darajani.

Ya tatu ndiyo ninayoipenda zaidi, na wasomaji wa Katanga wataitambua mara moja, kwa sababu ndiyo tunayoitumia mjini kila siku: balimunyanganya bintu yake. Ni nani hao "ba"? Haijasemwa. Inajulikana tu kwamba wapo. Tofauti na kupotea, ambako hakuna mtu, hapa kuna watu ambao majina yao bado. Kiswahili bora nacho kina "wa" ya namna hiyo. Kwa mwendeshaji wa mchezo, kiambishi hicho kimoja kinatosha kuwa kisa kizima. Mhusika anaamka, mfuko hauko, kuna nyayo dirishani: wamekuibia. Mchezaji hatauliza tena kwa nini ametendewa hivyo. Atauliza ni akina nani, na swali hilo linachezeka.

Kanuni yangu ya kwanza, basi, ni nyepesi: usimwondolee mhusika kitu kwa kitenzi kisicho na mtenda. Kabla hujasema, jiulize: na nani?

Lakini kumtaja mtenda hakutoshi, na hapa ndipo ninapoachana na kundi la kwanza. Tukirudi kwa wale mabwana wa watumwa wa 1981, mtenda yupo, tena ana jina na sura. Hata hivyo kisa cha tatu cha mfululizo ule kinamalizika kwa wahusika kukamatwa wafanye wasifanye, kwa sababu kisa cha nne kinahitaji waamke uchi. Wapigane kwa ushujaa au wapigane vibaya, mwisho ni ule ule. Sentensi "mmekamatwa na mabwana wa watumwa" inaonekana kuwa na mtenda, lakini mtenda huyo ni kivuli. Aliyekamata ni kitabu.

Tunafundishwa kwamba tamko ambalo kinyume chake hakiwezekani halina habari ndani yake. Ukiniambia kwamba kesho itafuata leo, hujaniambia kitu. Kadhalika, "umenyang'anywa" ina uzito kwa sababu tu "hukunyang'anywa" iliwezekana. Hiyo ndiyo kanuni yangu ya pili: sentensi iwe inaweza kukanushwa. Palikuwa na hatua gani ambayo mchezaji angeichukua, na upanga ukabaki kiunoni?

Ukimpima mnyama wa kutu kwa kanuni hizi mbili, yule aliyelaaniwa kuliko wote ndiye mwenye haki kuliko wote. Mtenda anaonekana, anakuja kwa miguu yake, ana pembe. Na unaweza kumkwepa. Weka upanga chini, okota rungu la mti, vua vazi la vita, mtupie misumari ajishughulishe nayo, au kimbia tu. Anayepoteza upanga kwake amepoteza katika mapambano. Toleo la 2014 lilipomfunga mdomo mnyama huyu, lilimlinda mchezaji dhidi ya dhuluma ambayo haikuwa dhuluma. Nalo tao la Tomb of Horrors liko katikati. Mtenda yupo, maana kaburi lina mwenyewe na vitu vyako viko kwake vikikungoja, na hakuna anayekulazimisha kupita. Lakini kama hakuna dalili yoyote ya kumwonya mwenye macho, uwezekano wa kukanusha ni wa bahati tu.

Kanuni ya tatu inatoka katika umilikaji. Kiswahili hutofautisha kitu nilicho nacho na kitu ambacho ni sehemu yangu, hata kama hakina viambishi maalumu vya kazi hiyo. Nasema "amevunja kikombe changu", lakini nasema "amenivunja mkono", si "amevunja mkono wangu". Nasema "mtoto amevunjika mkono", na mtoto ndiye kiima, kana kwamba amevunjika yeye mzima kupitia mkono. Sisemi "mtoto amevunjika kikombe". Kiungo cha mwili humvuta mwenyewe aingie katika kitenzi. Kikombe hubaki kando na kivumishi chake.

Ndipo nauliza: katika karatasi ya mhusika, ni vipi ambavyo ni kikombe, na ni vipi ambavyo ni mkono? Mpiganaji akipoteza upanga, atanunua mwingine sokoni. Mtawa anayepigana kwa ngumi hana cha kupoteza. Lakini mchawi, kwa kanuni za mchezo, huandaa uchawi wake kutoka katika kitabu. Kitabu kikiteketea, hawezi kuandaa mwingine. Mwendeshaji anayesema "niliwanyang'anya wote sawasawa" hakuwanyang'anya sawasawa. Alivunja vikombe viwili na mkono mmoja.

Watunzi wetu wa kale walilijua jambo hili. Katika utendi wa Mwindo wa Wanyanga wa Kivu, ambao Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene waliuchapisha mwaka 1969, Mwindo anazaliwa tayari ameshika conga, usinga wake wa nguvu. Hakuupewa na mfalme wala hakuununua. Alitoka nao tumboni. Mtunzi anatuambia kwa picha kile ambacho sarufi inasema kwa muundo: hiki si kitu chake, hiki ni yeye. Anayetaka kumvua Mwindo conga ajue kwamba anakata mkono, na aulize kama kisa chake kinastahili mkono.

Sisemi kwamba mkono haukatwi kamwe. Nasema usikatwe kwa wepesi wa kikombe. Na zipo hadithi za kuvuliwa kila kitu ambazo tunazipenda. Waswahili wa pwani wana Fumo Liongo. Alikamatwa, akafungwa minyororo, shujaa asiye na upinde wala mshale. Mama yake akamwokea mkate wa wishwa, akaficha tupa ndani yake, na mtumishi Saada akaupeleka gerezani. Walinzi hawakuutaka mkate mbaya kama ule, wakaupitisha. Liongo akakata minyororo huku nje ngoma na nyimbo zikifunika sauti ya chuma. Tukipima: waliomfunga wanajulikana, na sababu zao zinajulikana. Silaha zimekwenda, lakini akili yake, sauti yake na mama yake havikuchukuliwa. Hadithi inamvua vikombe vyote ili tuone mikono yake. Kuvuliwa kwa namna hiyo humkuza mhusika, na mchezaji mzuri atakushukuru kwa kumfanyia hivyo.

Kuna dalili moja ninayoiamini kuliko nadharia zote. Baada ya mchezo, tukitembea kuelekea barabarani kutafuta basi, husikiliza jinsi wachezaji wanavyosimulia. Aliyeona ametendewa haki husema: "Wale walinzi walininyang'anya upanga, lakini watanitambua." Kiima ni walinzi. Aliyeona amedhulumiwa humtaja mwendeshaji kwa jina lake la nyumbani: "Fulani alininyang'anya upanga." Kiima kimetoka ndani ya hadithi, kikaja kuketi mezani pamoja nasi. Pale ambapo hadithi haikutoa mtenda, msikilizaji atamtafuta nje, maana akili ya binadamu haiwezi kukaa muda mrefu na hasara isiyo na mwenyewe. Meza nyingi huvunjika hapo, wala si kwa sababu ya upanga.

Wapo watakaosema: ni mchezo tu, mbona unaufanya mzito? Ningekubali kama tungekuwa tunachezea nchi isiyojua kuporwa. Wazazi wetu wanaikumbuka Septemba 1991, uporaji ulioanza kwa askari wa Kinshasa ukasambaa hadi miji mingine, na wanaikumbuka Januari 1993. Wengi bado wanaziita siku zile kwa jina la Kifaransa, pillage, kana kwamba Kiswahili kilikataa kuzibeba. Na wapo wanafunzi wenzetu waliotoka mashariki ambao hawahitaji kumbukumbu za wazazi. Nimezisikia hadithi hizo tangu utotoni, na karibu zote husimuliwa kwa kiambishi kile kile: balikuya, balibeba byote. Walikuja, walibeba vyote. Hao "ba" hawapati jina, hawafuatwi, hawarudishi.

Kwa hiyo mwendeshaji wa hapa kwetu anayesema "mmeamka, hamna kitu" ajue yuko mbele ya nani. Mwenzetu mmoja aliwahi kutuambia, kabla hatujaanza kisa kipya, kwamba angependa kusiwe na watu wanaoingia nyumbani usiku. Hakueleza zaidi, na hakuna aliyemwuliza. Tuliliondoa jambo hilo kwenye kisa, na kisa hakikupungukiwa. Kuuliza mapema namna hiyo hakuchukui hata dakika tano.

Lakini sifiki mahali pa kusema basi tuache, tusinyang'anyane hata mezani. Naona kinyume chake. Mchezo huu ni mojawapo ya mahali pachache ambapo "ba" wanaweza kupatikana. Unaweza kufuata nyayo, kuuliza sokoni, kulinda daraja usiku kucha, mpaka kiambishi kigeuke jina na jina ligeuke mtu aliyesimama mbele yako na upanga wako mkononi. Unaweza kuamua kama utamuua, utamshitaki, utamsamehe au utaukomboa kwa fedha. Mwendeshaji anayelinda vifaa vyote visiguswe kamwe anawanyima wachezaji nafasi hiyo. Na anayeviondoa kwa "vimepotea" anawapa tena kile ambacho wamekwisha kukijua nyumbani: hasara isiyo na mlango wa kubisha.

Pingamizi moja la mwisho ni la waendeshaji wenzangu. Wanasema kwamba ukiwaonya wachezaji, unaua mshangao. Mimi sisemi watangaziwe tukio. Watangaziwe uwezekano. Katika matoleo ya kale, moto wa mchawi ulipomshinda mhusika, vitu vyake pia vilipigiwa dadu kuona kama vimeungua. Hakuna aliyejua ni lini moto utakuja, lakini kila aliyebeba kitabu cha karatasi alijua kwamba karatasi huungua. Aliyekifunga kitabu chake katika kasha la chuma alifanya hivyo kwa sababu kanuni zilimwambia ukweli mapema. Mshangao ulikuwepo, na kukanusha kuliwezekana.

Kwa yeyote atakayeketi kwenye kiti cha mwendeshaji, namwachia maswali matatu ya kujiuliza kabla hajafuta mstari hata mmoja kwenye karatasi ya mwenzake. Kimeondolewa na nani? Kingeweza kubaki kwa hatua gani? Ni kikombe au ni mkono? Akiwa na majibu matatu, na aondoe, hata ikiwa ni upanga wa mababu. Akikosa hata moja, auache upanga ulipo na atafute sentensi nyingine.

Na kwa kitivo chetu nina ombi. Tumefundishwa unyambulishaji wa vitenzi kwa mtoto na kikombe chake tangu shule ya sekondari, na kikombe kile kimevunjwa, kimevunjika na kimevunjiwa mpaka hakuna anayekihurumia. Meza moja ya mchezo, watu watano, jioni moja kwa juma, inatoa vitenzi vya kutendwa, vya kutendeka na vya kutendea kwa mamia, na kila kimoja kinasemwa na mtu anayejali kitakachompata. Tukiweka kinasa sauti katikati ya dadu, kwa idhini ya wote, tutakuwa na Kiswahili cha Lubumbashi kinachosimulia, kinachobishana, kinacholaumu na kinachosamehe, bila mtafiti kumwuliza mtu swali hata moja. Vyumba vya madarasa huwa wazi baada ya saa kumi. Kinachohitajika ni ruhusa ya kuvitumia, na watu wanne walio tayari kubeba upanga.